Bi Mashavu

Samaki wangu wa kwanza walitoka kwenye ndoo ya chambo. Wenzangu wanaofuga samaki kwenye vioo hupenda kuulizana umenunua wapi, kwa bei gani, mimi sikununua. Mjomba wangu alikuwa akivua sangara kwa ndoano upande wa Nyegezi, Mwanza, na chambo chake kilikuwa furu hai, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Watoto wa mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, waliwavua kwenye mawe kwa ndoano ndogo na mnyoo, wakamuuzia. Usiku furu wale walichomwa ndoano mgongoni wakingali wanapumua, wakashushwa majini kumngoja sangara.

Asubuhi moja ya mwaka 2011 nilichungulia ndoo ile nikamwona mmoja ana mgongo mwekundu kama pilipili iliyoiva, ubavu wa njano, na mistari myeusi ya kusimama. Nikamwomba.

"Huyo mwekundu? Chukua, mjomba," akasema. "Ila usimpeleke peke yake. Chukua na hawa wa kijivu, ndio wake zake."

Ndivyo nilivyopata dume 1 na majike 5. Fundi vioo wa mtaani alinitengenezea tangi la sentimita 90 kwa 35 kwa 35, likavuja mara mbili kabla silikoni haijakubali kushika. Baadaye nilikuja kusoma kwamba furu wangu vitabuni anaitwa Pundamilia nyererei. Jina la nyererei alipewa mwaka 1985, mwaka ule ule Mwalimu Nyerere alipong'atuka. Pundamilia likafuata mwaka 1998, kwa ajili ya ile mistari. Nilimweleza mjomba habari hizi kwa furaha kubwa. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Furu huyo."

Namwelewa. Yeye alikua katika enzi ambazo furu walijaa ghuba yote, hata Mwanza pakawa na kiwanda cha kuwasaga kuwa chakula cha mifugo. Kisha sangara waliopandwa ziwani miaka ya 1950 wakaja kuongezeka ghafla miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikapotea kabla hazijapata hata jina. Walionusurika zaidi ni hawa wa mawe, wenye nyufa za kujificha.

Wiki ya tatu dume alianza kuzunguka jiwe moja, akitetemeka mwili mzima mbele ya jike. Nilikaa kwenye kigoda nusu saa bila kupepesa. Jike alidondosha yai, yai moja tu la rangi ya machungwa, akageuka papo hapo akalifyonza mdomoni. Nikashtuka: mama gani huyu anakula mayai yake? Dume naye akatandaza pezi lake la chini, lenye madoa ya njano yanayofanana kabisa na mayai. Jike akayafuata madoa yale ayaokote kama alivyookota yai lake, na hapo ndipo dume humwagia mbegu zake. Mayai yanarutubishwa ndani ya mdomo wa mama. Kuanzia siku ile jike hakugusa chakula, na kidevu chake kikashuka kama mtu mwenye matubwitubwi. Mdogo wangu wa kike akampa jina: Bi Mashavu.

Uzao wa kwanza niliuua mimi mwenyewe. Nilimkimbiza kwa chandarua kidogo tangi zima ili nimtenge, akatapika kila kitu, na wenzake wakala mbele ya macho yangu. Sekunde chache tu, biashara imeisha.

Alipobeba tena nilijifunza adabu. Nilingoja hadi siku ya 15, usiku taa zimezimwa, nikamteka kwa jagi polepole pamoja na maji yake bila kumtoa nje, nikamhamishia kwenye beseni kubwa la plastiki lenye mawe matatu na kichujio cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa. Nilikichagua kwa sababu hakina tundu la kufyonza kifaranga. Nilijiona bingwa.

Mwaka ule, kwa asiyekumbuka, ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme. Usiku wa siku ya 18, kama saa mbili hivi, pampu ikanyamaza. Ukifuga samaki unaijua sauti ya pampu kama unavyojua pumzi yako. Ikikatika unaamka hata usingizini. Tukawasha mshumaa. Saa moja baadaye Bi Mashavu alikuwa juu, pua imegusa uso wa maji, anahema. Samaki mwenye mdomo uliojaa watoto anahema kwa shida maradufu, maana maji ya kupumulia yanapita palepale walipo watoto. Tumbo lake lilikuwa limebonyea kwa siku 18 za kutokula, kichwa kikubwa kuliko mwili.

Nilikuwa nimesoma kwenye intaneti kafe kwamba wafugaji wengine huwakamua majike: unamshika kichwa chini juu ya chombo cha maji, unamfungua taya taratibu kwa kijiti, watoto wanadondoka, kisha unawalea mwenyewe. Nikatafuta kijiti cha kuchokolea meno. Mkono ulishaingia kwenye beseni.

"Kaka, usimtie mti mdomoni," mdogo wangu akasema.

"Atakufa."

"Basi mpe upepo."

Akachukua kikombe cha chai, akachota maji ya beseni, akayainua juu na kuyamwaga. Akachota tena, akamwaga. Mapovu yakazama, yakapanda. Nami nikapunguza maji kama theluthi, nikaongeza yale niliyokuwa nimeyahifadhi kwenye pipa siku mbili ili harufu ya dawa ya bomba iishe. Kisha tukawekeana zamu. Dakika 10 kikombe, dakika 10 mapumziko. Mama alitoka chumbani saa sita usiku, akatukuta tumeloa hadi viwiko, akauliza kama nyumba ina wazimu, akarudi kulala. Baada ya muda akarudi na kikombe chake mwenyewe, kikubwa zaidi.

Umeme ulirudi alfajiri. Pampu ikakohoa, ikaanza. Bi Mashavu akashuka taratibu nyuma ya jiwe, mdomo bado umefungwa. Muda si mrefu mjomba akapita akitoka ziwani, akatukuta watatu tumekaa sakafuni kama wafiwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kuna nini?"

Nilipomweleza kuhusu kijiti akatikisa kichwa. "Hao ukiwashika tu wanatapika. Kwenye mtumbwi kila siku naona vitu kama punje vinarukaruka chini, nikadhani ni uchafu wa maji."

Siku ya 20 nilirudi kutoka kwenye shughuli zangu nikakuta kidevu kimelala na beseni limejaa macho. Vifaranga walikuwa 17, kila mmoja na urefu wa punje ya mchele, wamejipanga chini ya mama yao. Chakula chao kilikuwa dagaa wakavu waliotwangwa kinuni na kuchekechwa hadi wakawa vumbi. Chembe kidogo tu, kwa sababu vumbi la dagaa likizidi maji yananuka kwa siku moja.

Jioni mjomba alikuja kabla ya kwenda ziwani. Aliacha ndoo yake ya chambo mlangoni, akaingia, akainama juu ya beseni. Kivuli chake kilipowaangukia, Bi Mashavu alirudi nyuma kidogo, akainamisha kichwa, na vifaranga wote wakamiminika mdomoni mwake. Beseni likabaki na samaki mmoja wa kijivu mwenye mashavu.

"Wamekwenda wapi?" mjomba akanong'ona.

Mdogo wangu akamwonyesha kidevu. Mjomba akasogea hatua moja nyuma, kivuli kikatoka majini. Mlangoni furu walikuwa wakipigapiga maji ndani ya ndoo. Tukangoja kimya, wote watatu, hadi mdomo ukafunguka na kifaranga wa kwanza akachungulia.