RX-8 ya mwanafunzi wangu wa zamani

Tangu Aprili kuna gari moja linaloninyima usingizi. Ni Mazda RX-8 nyekundu, ya gia sita za mkono, linalala Mamboleo hapa Kisumu, na anayeliuza ni kijana niliyemfundisha fizikia kidato cha tatu. Alianza na bei ya 780,000.

Mimi huendesha Probox. Inanifikisha shuleni, inaleta mahindi ya mama kutoka Chavakali, na kwa miaka sita haijaniacha njiani hata siku moja. Sina neno nayo. Lakini nina miaka 44, kifungua mimba wangu amemaliza chuo, mkopo wa sacco wa ploti nilimaliza Februari, na tangu utotoni nimetamani gari moja lisilo na kazi nyingine ila kuendeshwa. Nalisema wazi kwa sababu naona wanaume wengi wa rika langu wanalificha kana kwamba ni aibu. Mke wangu nilimwambia siku ile ile nilipoliona. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa sharti moja: Probox haiuzwi.

Walimu wenzangu hawakunisikiliza hata nusu. "Rotari? Hilo ni kaburi la pesa." Fundi wangu wa Kibuye, ambaye ninamwamini kama ndugu, alisema, "Mwalimu, hiyo injini mimi sijawahi kuifungua, sitakudanganya." Hilo lilinipa hofu zaidi kuliko maneno yote ya stafurumu.

Kwa hiyo nilirudi kwenye fizikia. Darasani huwa naieleza injini ya rotari hivi: chukua mandazi la pembe tatu, lililofura mbavu zake, ulizungushe ndani ya sufuria yenye umbo la yai lililobanwa kiunoni. Pembe zote tatu zinagusa ukuta wa sufuria muda wote. Kila ubavu wa mandazi unakuwa na chumba chake, na chumba hicho kinavuta hewa na petroli, kinabana, kinalipua, kinatoa moshi, huku mandazi likiendelea kuzunguka. Hakuna pistoni inayopanda na kushuka, hakuna valvu. RX-8 ina mandazi mawili, yaani rota mbili, sentimita za ujazo 654 kila moja, jumla lita 1.3, na mshale wa mizunguko unapanda hadi 9,000 bila kutetemeka. Ukilisikia likipita Kondele alfajiri utadhani mzinga wa nyuki umefunguliwa.

Ugonjwa wake uko kwenye pembe. Kila pembe ina kipande cha chuma chenye unene wa milimita 2, kinachosukumwa na springi ndogo, na kazi yake ni kuziba huku kikiteleza ukutani kwa kasi bila kupumzika. Wahandisi wa Mazda kule Hiroshima walihangaika nacho miaka ya 1960. Vilikuwa vinachora mikwaruzo ukutani, wakaiita kucha za shetani, na ilibidi watafute mchanganyiko mwingine wa kutengenezea vipande hivyo kabla ya Cosmo Sport, gari lao la kwanza la rotari, kuuzwa mwaka 1967. Mwaka 1991 gari lao la 787B, lenye rota nne, lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans kule Ufaransa. Injini iliyokimbia usiku na mchana ikamaliza ya kwanza siwezi kuiita takataka.

Lakini inataka mtu wake. Inaunguza oili kwa makusudi, kwa sababu inajimiminia kidogo humo ndani ili pembe ziteleze. Asiyechomoa kijiti cha oili mara kwa mara atakuja kulia. Haipendi joto, nasi tunaishi Kisumu. Haipendi kuwashwa ikiwa baridi, ikasogezwa hatua tatu ioshwe, ikazimwa: petroli inafurika ndani na hutaiwasha tena kirahisi. Na udhaifu huu wa RX-8 hasa haukuwa uvumi wa mtaani, maana kule Marekani Mazda yenyewe iliongeza dhamana ya injini hiyo hadi miaka 8 au maili 100,000. Utengenezaji wake ulikoma 2012, na huku kwetu sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo zilizopo nchini ndizo hizo hizo, zinapita mkono hadi mkono, na kila mkono una siri zake.

Nikaona kwamba kuulizana kama RX-8 ni gari la kuaminika hakunisaidii tena. Nilitaka kujua kuhusu hili moja.

Jumamosi tukaenda mimi, fundi wangu na kijana. Tulipandisha mlima wa Riat hadi Kiboswa, nikiwa usukani. Kwa dakika hizo ishirini sitaongeza chumvi: nilifurahi mpaka macho yakalowa. Usukani unakuambia kila jiwe. Gia inaingia kwa kifundo cha mkono tu. Kwenye matuta nilipita mshazari, polepole, mama wa mahindi choma akacheka na kunipungia.

Kiboswa tukalizima, tukanunua mahindi, tukangoja dakika kumi injini ikiwa bado moto. Hapo ndipo rotari iliyochoka husema ukweli. Nikapiga stata. Ikazunguka sekunde moja, mbili, nne, saba. Ikawaka. Kijana akasema haraka, "Ni betri, mwalimu." Fundi hakusema kitu, aliendelea kutafuna.

Tuliporudi Mamboleo tukapima kompreshani, yaani nguvu ya kila chumba kubana hewa. Geji ya kawaida inashika namba ya juu kabisa na kuificha ile dhaifu, kwa hiyo fundi alitoa kivalvu chake kidogo ili mshale uwe huru kurudi. Akakata petroli, akalala chini kando ya gurudumu la mbele, akachomoa plagi. Mimi nilishika simu nikarekodi mshale. Kwenye rota ya mbele uliruka mara tatu, sawa kwa sawa: puf, puf, puf. Kisumu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo namba zenyewe sikuzitilia maanani sana. Nilichotaka ni ulinganifu. Tukahamia rota ya nyuma. Puf, puf, kisha mruko mfupi, kama mtu anayekata kauli. Tukarudia. Puf, puf, na ule mfupi. Mara ya tatu sikuhitaji kutazama, masikio yalitosha.

Kijana alisimama na kitambaa mkononi. Ni mpole, alilinunua miaka miwili iliyopita kwa mtu aliyemwambia oili inabadilishwa tu, haiongezwi. Nilimweleza kwa mandazi, kama zamani. Akaelewa haraka, alikuwa na B+ huyu. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Sasa mwalimu, akija mnunuzi mwingine nimwambie?"

Nilikuwa na sababu zangu za kujibu vizuri na sababu zangu za kujibu vibaya, kwa maana bado nililitaka lile gari. Nikamwambia, "Mwonyeshe video." Akainamisha kichwa, akafunga boneti taratibu kwa mikono miwili. "Nitumie basi."

Nilimtumia pale pale. Usiku huo nilimwambia mke wangu kwamba nina pesa ya kulinunua gari lile mara moja, sina ya kulinunua mara mbili, na nikafunga mjadala.

Wiki mbili baadaye kijana alibadilisha tangazo lake: 450,000, injini inahitaji kufunguliwa, video ipo. Nimepiga simu kwa fundi mmoja wa Nairobi ambaye rotari ndiyo kazi yake. Alitazama video, akaniambia nisithubutu kuanza bila 300,000 mkononi, na kwamba spea zitaagizwa nje, nisimsumbue kwa miezi mitatu. Nimejumlisha kwenye karatasi, inabaki 30,000 chini ya bei ya kwanza, na safari hii najua ninachokinunua.

Kesho kutwa tunaenda Mamboleo, naye mke wangu yumo. Anasema atakaa kiti cha nyuma, anataka kuona hiyo milango inayofunguka kinyume.