Tulivyozika daftari la mkopo kwenye maduka ya familia za askari Tanga

Mwaka tuliofungua duka, mfanyabiashara mmoja wa Ngamiani aliniambia: "Dada, duka la karibu na kambi halifi. Askari mshahara anao. Kopesha, mwisho wa mwezi ukusanye." Nikamwamini. Ushauri ule ulitutoa kama milioni mbili na kitu, na ninaandika haya kwa sababu bado nasikia akina mama wa kambi nyingine wakiambiwa maneno hayo hayo.

Mimi ni mke wa askari. Nimeishi kota za Tanga mjini, nikahamia Maramba, nikarudi tena mjini. Maduka ya jeshi yasiyo na kodi niliyakuta. Bati za kibanda chetu cha Pongwe tulizitoa huko. Kwenye bajeti ya 2016/17 msamaha ule ukafutwa, askari wakawekewa posho badala yake. Posho haina ubaya, ila inaingia mfukoni pamoja na pesa nyingine na inatoka nazo. Sisi akina mama tukakaa chini, tukachanga, tukaandikisha kikundi, tukapanga chumba nje ya geti. Kodi tunalipa kama duka lingine lolote. Wapo mpaka leo wanaodhani bei yetu ni ndogo kwa sababu ya msamaha wa kodi. Hatuna msamaha wowote. Tunanunua kwa pamoja, na faida hatugawani.

Hilo la kutogawana faida lilitaka kutuvunja mapema. Kila mtu alitaka gawio la Desemba. Aliyetuokoa ni meja mmoja mstaafu, jirani yetu, aliyetueleza kwamba Wamarekani wana mtandao wa maduka ya jeshi tangu 1895, na Waingereza wakaunda wao, NAAFI, baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Ziada ya maduka yale, alisema, inarudi kwa wanajeshi wenyewe na familia zao: michezo, burudani, huduma za kambini. Tukakubaliana kwamba yetu itarudi kwenye bei ya sembe na mafuta, na kila Januari kwenye madaftari na sare za shule. Walioshikilia gawio waliondoka, nasi tukawarudishia michango yao bila ugomvi.

Sasa daftari. Lilikuwa jeusi, kubwa, lenye mstari mwekundu pembeni. Miezi mitatu ya kwanza lilitupa raha, maana rafu zilikuwa zinakwisha na tulijiona tunauza. Wa nne nikahesabu majina arobaini na moja. Na hapo nikajua jambo ambalo mfanyabiashara wa Ngamiani hakuwa na njia ya kulijua: kambini deni lina cheo. Mume wangu wakati huo ni koplo. Nitamdaije mke wa bosi wake? Nikimpita njiani nashusha macho mimi ninayemdai. Na yeye naye akaacha kuja dukani kwa aibu, akawa ananunua mtaani kwa bei kubwa. Deni likatupotezea pesa, na mteja pia.

Halafu uhamisho. Tanga ni waja leo waondoka leo, na kwa askari maneno hayo ni amri yenye tarehe. Zilikuja barua za uhamisho, familia saba kwa mkupuo, na zote zimo kwenye daftari. Siku ya kuondoka niliamka kabla ya adhana kwa muungurumo wa lori. Mlango ukagongwa. Alikuwa mke wa koplo mmoja, mtoto mgongoni, mtungi wa gesi mkononi. Akauweka kizingitini. "Dada, pesa sina. Chukua huu, tusidaiane." Ulikuwa mtungi mdogo, umechubuka rangi, na mpira wake bado umening'inia, maana alikuwa ameung'oa jikoni dakika ile. Anakwenda mkoa asioujua, na chai ya watoto asubuhi ya kwanza ataichemshia nini? Nikaubeba mwenyewe mpaka kwenye lori, nikamwambia deni limekwisha. Nikarudi ndani, nikalifunga daftari kwa kamba ya katani. Halijafunguliwa tena.

Tulichofanya baada ya hapo ndicho ninachojivunia. Tukakata kadi za manila. Mshahara ukitoka, familia inalipa kwanza kwa ajili ya mwezi mzima: sembe, mchele, mafuta, sukari, kila kimoja na visanduku vyake kwenye kadi. Ukija kuchukua, kisanduku kinatobolewa. Kalamu tuliikataa, inafutika na inaigizwa. Fundi vyuma alitutengenezea vitoboleo vitatu kwa pesa ndogo tu: cha duara kwa duka la mjini, cha pembetatu kwa Maramba, cha nyota kwa Kabuku, maana kufikia hapo wenzetu wa huko walikuwa wamefungua ya kwao. Kadi moja inatumika kote. Mwisho wa mwezi maduka yanadaiana kwa kuhesabu matundu: nyota ngapi zimechukuliwa kwa kadi zilizolipiwa mjini, duara ngapi kwa kadi za Kabuku. Mwanangu wa darasa la sita anaweza kufunga hesabu hiyo.

Kadi inaandikwa jina la mama, hata kama aliyelipa ni baba. Baba anaweza kuwa Kongo kwenye ulinzi wa amani mwaka mzima, na nyumba haili jina lake.

Mwezi wa kwanza zilinunuliwa kadi tisa tu. Watu walisema wazi: mnataka tuwape pesa kabla ya unga? Walikuwa na haki ya kuogopa. Ndipo tukatundika ubao mlangoni: tumenunua kwa bei gani, usafiri kiasi gani, tunauza kwa bei gani. Mistari mitatu kwa kila bidhaa, na risiti kwenye faili kwa anayetaka kuisoma. Wenye maduka ya jirani walinisema sana kwa ubao ule. Lakini pesa ilipoingia mapema, tuliacha kununua mfuko mmoja mmoja sokoni Mgandini. Maharage yakaja moja kwa moja kutoka Lushoto, mchele kutoka Mombo, mahindi tukayafuata Handeni na kusagisha wenyewe. Mfuko wa sembe ukashuka kama elfu tatu chini ya bei ya mtaani. Mwezi wa nne kadi zilituishia.

Mchele msirundike, kama mko pwani. Unyevu wa hapa hausamehe. Weka mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta. Na foleni iwe moja, mke wa afande na mke wa private, hakuna kupita mlango wa nyuma. Siku mke wa bosi wa mume wangu aliposimama nyuma ya kijana wa JKT aliyetumwa sabuni, akangoja zamu yake, nilijua tumefika.

Wiki iliyopita amekuja mama mgeni, vitu vyake bado viko kwenye maboksi. Kadi yake ilitoka Kabuku, ina nyota nyingi na visanduku vinne vya sembe havijaguswa. Akauliza kwa sauti ndogo kama tutaipokea. Nikachukua kitoboleo cha duara, nikampimia unga.