Usiku wa Lukaya

Kila inapofika Siku ya Mashujaa, Julai 25, watu hunitaka nieleze jinsi tulivyompiga nduli Idi Amin wa Uganda, nami kwa miaka mingi nimekuwa nikieleza yale yanayopendeza kusikilizwa: hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 2, 1978, aliposema kwamba sababu tunayo, uwezo tunao na nia tunayo, daraja la Kyaka lililovunjwa na adui, na vifijo vya wananchi wa Kampala mji ule ulipoanguka Aprili 11, 1979. Hayo yote ni kweli. Lakini usiku wa Machi 10 mwaka huohuo, pale Lukaya, Uganda, nimekuwa nikiuruka.

Sikuwa askari wa kuajiriwa. Nilikuwa mgambo, mmoja wa maelfu waliochukuliwa vita vilipoanza na kupewa mafunzo ya haraka. Tulikwenda kwa miguu. Kutoka Mutukula hadi Masaka ni karibu kilomita 90, na mwendo huo wote aliyekuwa mbele yangu mstarini alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana mpole aliyenizidi umri kwa miaka miwili. Yeye ndiye aliyenifundisha kusugua kipande cha sabuni kavu ndani ya soksi, sehemu ya kisigino, ili nisitokwe na malengelenge. Alikuwa akikitunza kipande hicho kwenye mfuko wa shati kama mtu atunzavyo fedha.

Lukaya iko kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, mahali ambapo barabara hiyo inakatiza kinamasi. Adui alikuja na vifaru, pamoja na askari wa Libya waliotumwa kumsaidia Amin, na roketi zikaanza kufyatuliwa kwa mkupuo. Nyingi zilipita juu ya vichwa vyetu, jambo nililokuja kulijua baadaye sana. Wakati ule nilichokijua ni kwamba ardhi ilikuwa ikitikisika na kwamba wenzangu walikuwa wakiondoka. Nikakimbia. Hakuna aliyetoa amri ya kurudi nyuma, na sitaki tena kusema kwamba ilikuwepo. Niliingia kwenye mafunjo, maji yakanifika kifuani, nikainua bunduki juu ya kichwa, na matope yakanivua buti la kushoto. Vyura waliopiga kelele jioni nzima walikuwa wamenyamaza. Nilimwita mwalimu kwa sauti ya chini mara mbili, mara tatu. Hakuitika.

Kulipokucha tulikusanywa, na kamanda wetu hakumuuliza mtu yeyote alikolala. Alisema tu aliyepo na aingie mstarini. Kwa hilo ninamheshimu hadi leo. Tulirudi barabarani, mimi mguu mmoja ukiwa umefungwa kipande cha shati, wakati Brigedi ya 208 ya jeshi letu ilikuwa imekwisha kuzunguka na kumziba adui kwa nyuma, na siku hiyo tulishinda. Yule mwalimu wa shule tulimkuta kando ya barabara, palepale tulipokuwa tumepangwa jioni ya jana yake. Hakuwa amesogea hata hatua moja.

Niliporudi uraiani mwaka 1980, nchi ilikuwa imefunga mkanda. Mwalimu Nyerere alikuwa ametuomba miezi 18 ya kujinyima, nayo ikawa miaka, na sabuni ikawa kitu cha kupangiwa foleni. Kila nilipobahatika kupata mche mmoja, nilishindwa kuukata bila kukumbuka ule mfuko wa shati.

Mwaka huohuo nilikwenda kutoa pole nyumbani kwa kina yule mwalimu mwenzangu. Mama yake alinikalisha karibu naye, akaniuliza, "Mwanangu, alikufaje?" Nikamjibu, "Mama, tulikuwa pamoja." Akanishika mkono, akasema, "Basi hakuwa peke yake." Amekufa akiamini hivyo, na sikumbuki uongo mwingine niliowahi kuusema ambao uliniuma kwa muda mrefu kiasi hiki, hata wakati ambapo shamba lilinikubali na watoto wakasoma na watu wakaniita shujaa mbele ya hadhara.

Julai mwaka jana sikwenda kwenye gwaride. Nilikwenda kwa mdogo wa kike wa yule mwalimu, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu, nikamweleza yote: roketi, mafunjo, buti, na jinsi nilivyomwita nikiwa nimekwisha kumwacha. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaniuliza kama kaka yake alikufa usiku uleule au alisubiri mpaka asubuhi. Nikamwambia, "Dada, sijui."