Siku moja maishani mwangu: tanga la mbele linapogoma kukunjika

Saa 12:30 asubuhi. Mkondo wa Kilifi umetulia, na kazi ya juu ya mlingoti hufanywa sasa, kabla upepo haujaamka. Boti ni ya futi 38. Tanga la mbele, linalojiviringisha kuzunguka waya wa mbele (waya unaoshikilia mlingoti kutoka mbele), hukunjika nusu, kisha kamba ya kulikunjia hugoma. Ukigomewa, usikimbilie winchi; hapo ndipo waya wa mbele hukatika. Kamba hii huvutwa kwa mkono.

Saa 1:00. Tanga linafunguliwa lote. Kwa darubini, swiveli ya juu (kiungo kinachozunguka, kinachoshika kichwa cha tanga) inaonekana imekaa chini mno, kama sentimita 60 kutoka mwisho wa juu wa reli, bomba lililovikwa waya na kuzunguka pamoja na tanga. Tanga likishushwa, ngoma ya chini, inayozungushiwa kamba ya kukunjia, inazunguka laini kwa kidole. Watu huilaumu ngoma kwa sababu ndiyo wanayoiona.

Saa 1:40. Napanda kwa kiti na henza mbili (kamba za kupandishia tanga), moja ya kuvutia, nyingine ya akiba, zote kwa fundo, si kwa shakeli ya kufyatua. Kileleni ushahidi upo wazi: mfuo umechimbika kuizunguka reli ya aluminiamu kama meno ya skrubu, na henza ya tanga la mbele imechubuka. Henza ilikuwa ikipanda sambamba na waya, badala ya kuachana nao kwa pembe ya digrii 8 hadi 10 kuelekea mlingotini. Kila mkunjo ukaiviringisha kwenye reli.

Napitisha pamba kwenye shingo ya waya, pale unapoingia kwenye kichwa chake cha chuma. Waya huu una nyuzi 19. Uzi uliokatika hunasa pamba, na ukipatikana hata mmoja, waya wote hubadilishwa. Pamba imetoka safi.

Saa 3:00. Tanga ni fupi, basi kati ya kichwa chake na swiveli tunaunga kamba ya Dyneema (nyuzi imara sana), unene milimita 8, urefu sentimita 50, ili swiveli ikae juu zaidi. Mfuo unapigwa msasa.

Saa 4:30. Tunapandisha. Henza inakazwa hadi mikunyanzi ya joshi (ukingo wa mbele wa tanga) iishe, basi. Ukizidisha unazibana beringi. Kamba ya kukunjia iingie kwenye ngoma kwa pembe mraba na waya, na tanga likishakunjwa lote ibaki mizunguko 3 au 4 ngomani, maana kwenye upepo mkali tanga hujikaza na kula kamba zaidi.

Saa 5:30. Beringi za plastiki zinaoshwa kwa maji baridi ya bomba. Grisi hapana, inakamata chumvi na mchanga. Pini zinafungwa tepu zisichane tanga.