Namna Nilivyoipambanua Sauti ya Mungu Nilipotakiwa Kuamua

Katika jumuiya yetu ndogo ndogo hapa Bagamoyo, si ajabu kumsikia mtu akisema kwamba Mungu amesema naye, na wala siyadharau maneno hayo. Hata hivyo, nilipopata nafasi ya kazi ya uhasibu Dodoma, huku mama mkubwa aliyenilea akianza kupoteza nuru ya macho, nilitaka kufahamu mtu hujuaje kwamba aliyesema ni Mungu, wala si hofu yake au tamaa yake.

Nilianza na ukimya, ambao katika mji wetu una saa zake. Adhana ya alfajiri huniamsha, na kati ya hapo na bodaboda ya kwanza kuna muda ambao nyumba nzima imetulia. Muda huo niliutumia kuisoma Injili ya siku polepole, nikifuata utaratibu wa zamani ambao mtawa Guigo aliupanga katika karne ya 12: kusoma, kutafakari, kusali, kisha kutulia tu mbele ya Mungu. Hatua hiyo ya nne ndiyo iliyonisumbua, kwa kuwa akili ya mhasibu haipendi kukaa bila kujumlisha kitu. Jumapili, baada ya misa, nilibaki kwenye benchi la nyuma katika kanisa la misheni lililojengwa kati ya 1910 na 1914, watalii wakipita kwenda kuutazama mnara wa kanisa la zamani ambako mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar.

Wahubiri wengi hupenda kutukumbusha ile sauti ndogo, ya utulivu, ambayo Eliya aliisikia Horebu baada ya upepo, tetemeko na moto. Nilipoirudia sura hiyo ya 19 katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, kilichonigusa zaidi ni kwamba sauti yenyewe ilikuja na swali, “Unafanya nini hapa, Eliya?”, kisha ikampa kazi ya kufanya na watu wa kuwaendea. Tangu hapo niliacha kungoja ishara, nikaanza kujiuliza ninaulizwa nini.

Msaada mkubwa niliupata katika maisha ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Mwaka 1521 alijeruhiwa miguu kwa mzinga huko Pamplona, akalala kitandani kwa miezi akisoma maisha ya Kristo na ya watakatifu. Aligundua kwamba ndoto zake za sifa za kiaskari zilimfurahisha zilipokuwapo lakini zikimwacha mkavu zilipopita, ilhali mawazo ya kuwafuata watakatifu yalimwachia furaha iliyodumu. Nami nilinunua kidaftari, nikawa naandika asubuhi wazo lililonijia, na jioni naandika limeniacha katika hali gani.

Wazo la kubaki Bagamoyo lilikuwa zuri mno asubuhi: nilijiona nikimshika mama mkubwa mkono kwenda kanisani, na majirani wakisema, “Huyo ndiye mtoto.” Jioni, kidaftari kilionyesha ukavu, na zaidi ya mara moja kilionyesha kwamba nilimjibu mama mkubwa kwa ukali kwa jambo dogo kama uji kupoa. Wazo la kwenda lilianza na woga, lakini likiisha kupita lilinifanya mpole, hata nikawa na hamu ya kukaa naye barazani. Mtume Paulo anaonya katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho 11:14 kwamba Shetani hujigeuza awe mfano wa malaika wa nuru, na sasa nauelewa mstari huo kwa namna ya nyumbani kabisa. Siku za homa au za ugomvi sikuamua lolote, kwa sababu Inyasi huyo huyo anafundisha kwamba wakati wa ukiwa, yaani roho inapokuwa kavu na yenye huzuni, mtu asibadili alichokusudia.

Hata hivyo, kidaftari peke yake hakitoshi. Kijana Samweli aliitwa, akamkimbilia Eli mara tatu, na ni mzee Eli aliyetambua kwamba anayeita ni Bwana. Nilikwenda kwa katekista wetu mstaafu, nikamwamkia, “Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu,” nikamsomea kurasa zangu. Alisikiliza zote, akauliza, “Ukienda, nani atampeleka mama hospitali? Kama huna jibu, basi hujamaliza kusikiliza.”

Swali hilo nililipeleka kwa mwenyewe. Mama mkubwa aliendelea kuchambua mchele, vidole vikitafuta mawe ambayo macho hayakuyaona. “Mwanangu, binti wa mdogo wangu yupo, na hospitali anaijua. Wewe nenda. Ila macho haya yatazamwe kwanza, na Pasaka nikuone hapa.”

Daktari alisema ni mtoto wa jicho na kwamba upasuaji unawezekana. Niliandika barua ya kuikubali kazi, nikaomba tarehe ya kuripoti isogezwe mbele hadi jicho la kwanza lipone, nao waajiri wakaridhia. Jicho la pili tumelipangia likizo yangu ya Pasaka.