Sisi akina Fernandes wa Mombasa

Mtu akisikia naitwa Fernandes, swali la kwanza ni: "Kwani nyinyi ni Wareno?" Wengine hudai kwamba wazee wetu ndio waliojenga Fort Jesus. Juzi binti ya kaka yangu alitoka nalo shuleni, tena kwa uchungu, maana walikuwa wamesomeshwa jinsi Mreno Francisco de Almeida alivyouchoma mji wetu mwaka 1505. Nimeona niyaandike haya, mtoto apate la kujibu.

Jina ni la Kireno, hilo halina ubishi. Ile -es ya mwisho ni kama "bin" yetu: Fernandes ni bin Fernando, Rodrigues ni bin Rodrigo, Nunes ni bin Nuno. Wahispania wao huandika Fernández. Fernando lenyewe liliingia huko na Wagothi, watu wa asili ya Kijerumani waliotawala Hispania na Ureno baada ya Warumi, na ndani yake mna neno la ushujaa.

Damu ni habari nyingine kabisa. Wareno waliiteka Goa, kwenye pwani ya magharibi ya India, mwaka 1510, na Wahindu waliobatizwa huko wakapewa majina ya Kireno, mara nyingi la padri aliyewabatiza au la msimamizi wa ubatizo. Akina Prabhu, Naik na Kamat waliingia kanisani, wakatoka ni Fernandes, D'Souza, Pereira. Watu wa kijiji kimoja waliweza kuwa na jina moja bila udugu wowote. Basi ukiwakuta Fernandes wa Goa, wa Brazili, wa Angola na wa Msumbiji, usidhani ni ukoo mmoja. Sri Lanka, ambako Wareno walitawala pwani, jina lililoenea ni Fernando.

Ninacho cheti cha ubatizo cha babu. Karatasi imelainika kwenye mikunjo na wino umegeuka kahawia. Kimeandikwa Kireno, "filho legítimo de", yaani mtoto halali wa, kisha majina ya wazazi wake, Fernandes wote wawili, wa vijiji tofauti vya Salcete, huko Goa. Babu alikuwa na pasipoti ya Ureno kwa sababu Goa ilikuwa chini ya Wareno hadi India ilipoichukua Desemba 1961. Hata serikali ya kikoloni hapa Kenya, ikihesabu watu, iliwaweka Wahindi kwenye safu yao na Wagoa kwenye yao. Lakini nyumbani babu alizungumza Kikonkani, lugha ya Goa, na kazi yake ilikuwa cherehani. Sare za shule alizoshona zilivaliwa mtaa mzima wa Tudor hapa Mombasa. Akamwoa nyanya yangu, Mtaita wa Bura, na jina likawa letu.

Magoa, kama tunavyoitwa mtaani, walikuja enzi za Mwingereza wakawa makarani, wapishi, mafundi nguo, watu wa reli. Mmoja wa watoto wa mji huu alikuwa Seraphino Antao. Mwaka 1962 kule Perth alishinda dhahabu mbili za Michezo ya Jumuiya ya Madola, yadi 100 na yadi 220, na mwaka 1964 akaibeba bendera ya Kenya kwenye Olimpiki ya Tokyo. Antão ni Antoni kwa Kireno cha zamani. Pio Gama Pinto naye, aliyepigania uhuru wetu na kuuawa mwaka 1965, alikuwa na jina la Kireno. Hao ni Wakenya, na inaniuma mtoto wetu akiambiwa ni mgeni kwa jina la aina hiyo hiyo.

Wengi wetu walihama baada ya uhuru, wakaenda Uingereza na Kanada. Wazee waliobaki, tukikutana nje ya kanisa la Holy Ghost baada ya misa, hawasumbuki na Fernandes. Wanauliza kijiji. Nikitaja cha babu, hapo ndipo huanza kunieleza nani alikuwa jirani ya nani, na nani alisafiri na nani melini.

Kwa hiyo nimemwambia binti: ukiulizwa tena, taja Salcete ya babu, Bura ya nyanya, na Tudor ulikozaliwa wewe na baba yako.