Seva ya ofisi sasa ni Debian na Samba

Jamani, leo nimeizima rasmi seva yetu ya zamani. Ilikuwa Windows Server 2012 R2, ambayo muda wake wa kawaida wa masasisho ya usalama uliisha Oktoba 2023. Kuhamia toleo jipya kunataka leseni ya seva, halafu leseni ya kila mtumiaji juu yake. Kwa ofisi ndogo kama yetu, hela hiyo ni mshahara wa mtu.

Nikaweka Debian, mfumo endeshi wa bure wa Linux, na juu yake Samba, programu inayoiwezesha seva ya Linux kuhudumia kompyuta za Windows. Tangu toleo la 4.0 la mwaka 2012, Samba inaweza yenyewe kusimamia domeini, yaani mfumo mmoja wa akaunti na nywila za ofisi nzima, kwa hiyo kompyuta za wafanyakazi zimebaki na Windows zao na kila mtu anaingia kwa nywila yake ileile.

Jumatatu asubuhi nilitokwa na jasho. Kompyuta ya mapokezi iligoma kabisa kuingia. Nikahangaika na nywila karibu saa nzima, kumbe saa ya mashine imerudi Januari 2015! Betri ya ndani ilikuwa imekufa, na Kerberos, utaratibu wa domeini wa kuthibitisha anayeingia, kwa kawaida haikubali saa ya kompyuta na ya seva zitofautiane kwa zaidi ya dakika 5. Nikaweka betri mpya ya CR2032, nikarekebisha saa, ikafunguka palepale.

Dada wa uhasibu yeye alifungua Z:, folda ya pamoja iliyo kwenye seva, kama kawaida, akaendelea na mishahara yake. Mchana ndipo akaniuliza, "Kwani ile seva mpya unaiweka lini?" Nilifurahi mno.